Mamba Mwenye Jina

Dirishani pa geti wameandika bei nne:
mgeni, mkaazi, mwanafunzi, mtoto.
"Na mimi ni yupi hapo?" akauliza Bibi Mbodze.
Mkaazi, nikamwambia.
"Mkaazi wa humu ndani, pamoja nao?"
Mwenye tiketi akacheka hadi akakosea chenji.

Jumatatu ya Pasaka, Malindi imefurika.
Watoto wa kwaya kutoka Ganda, fulana za njano,
mzee wa Kitaliano anayebishania bei ya bisi
kwa Kigiriama cha sokoni, tena anashinda,
na harufu: samadi, ukwaju, mafuta ya kujipaka jua.

Tulianza na kobe,
namba kumi na nne mgongoni
kwa rangi ileile iliyopakwa mlango wa choo.
Kisha twiga. Aliinamisha ile minara yake ya shingo,
akanusa leso mpya ya Bibi, akaanza kutafuna pindo.
Bibi akavuta.
Twiga akavuta.
Bibi akamwita jina ambalo siwezi kuliandika,
na kwaya nzima ya Ganda ikasahau utakatifu wake.

Nyoka akawakataa.
"Wale nawaona bure nikiokota kuni."

Basi tukafika bwawani:
saruji, ukuta wa kiunoni,
maji ya kijani kama mchicha uliolala sufuriani.
Kijana wa gambuti, Mwaringa, ameshika ndoo.
"Huyu anaitwa Bruno."
"Ana jina?"
"Ndiyo, bibi. Na kila mwaka tunamkatia keki ya nyama."

Bibi akanyamaza.
Mimi nilijua, nusunusu,
kwa yale yasemwayo watoto wakidhaniwa wamelala,
kwamba mwaka wa mafuriko, kabla ya Uhuru,
dada yake aliinama ukingoni mwa Sabaki
achote kata moja tu ya maji,
na kata ikabaki ikielea.
Kwamba walizika leso
kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuzika.
Aliyemchukua hakuwa na jina.

Mwaringa akarusha kuku.
Taya likafumba:
mlango wa stoo ukipigwa na upepo.
Makofi. Mtoto mmoja akalia, akanunuliwa barafu.
Bibi hakushtuka. Alikuwa anapiga hesabu.
"Mia mbili nimelipa kumtazama.
Zamani wao ndio waliokuja kututazama sisi,
na hakuna aliyelipa."

Mwaringa alidhani ni mzaha, akacheka,
kisha akauona uso, akaacha.
Akaivua kofia yake, ile ya kazi,
yenye mamba aliyechorwa akitabasamu.

"Geti likifungwa jioni, analala wapi?"
"Hapo hapo, bibi."
"Na mto, hausikii ukimwita?"
"Huyu aliangulwa kwenye mashine. Mto haujui."

"Aa."
Akaushika ukuta kwa mikono miwili.
"Basi si yeye," akasema. "Ni mtoto wa watu tu."
Kisha akainama, karibu mno, nikamshika kiuno,
akamwambia mamba maneno marefu, ya chini,
Kigiriama cha kale nisichokifikia.
Nililidaka neno moja:
Sidi.
Alilitamka mara mbili, polepole,
kama anayemfundisha mtoto jina la shangazi yake.
Bruno alifumba jicho moja. Mamba hufumba macho.
Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Jioni majirani walitujia na vigoda:
tumeona nini, tumekula nini, Wazungu walikuwa wangapi?
Bibi akasimulia twiga.
Twiga tu, tangu kwato hadi pembe,
akasimama aonyeshe vile alivyovuta,
na pindo lililotafunwa likazunguka mkono kwa mkono
kama hati ya shamba.

Tiketi aliifunga katika pindo la pili,
lile zima.
Hiyo hakumwonyesha mtu.